Kiwanja Kabla ya Nyumba: Historia ya Kuupanga Mji wa Dar es Salaam

Katika karne ya 20 mji wa Dar es Salaam ulichorewa mipango mikuu mitatu, wa kwanza mwaka 1949, wa pili mwaka 1968 na wa tatu mwaka 1979, na yote mitatu iliandaliwa na kampuni za wahandisi na wapangaji kutoka nje ya nchi. Mpango mkuu, katika lugha ya mipangomiji, ni waraka wa ramani na maelezo unaoamua, kwa kipindi cha miaka 20 hivi, wapi watu watajenga nyumba, wapi patawekwa viwanda, barabara zipite wapi na ardhi ipi iachwe wazi. Kwa kipimo hicho mji huu haukukosa kupangwa. Hata hivyo, tangu miaka ya 1990 wataalamu wamekuwa wakikadiria kwamba kati ya asilimia 70 na 80 ya wakazi wake wanaishi katika mitaa ambayo haikupimwa kabla ya kujengwa. Historia ya mji inaonyesha kwamba hali hiyo haikutokana na uhaba wa ramani, wala na ukaidi wa wananchi kama ilivyosemwa mara nyingi, bali na suala la mfuatano: kipi kilikuja kwanza, kiwanja au nyumba. Pale ambapo kiwanja kilipimwa mapema, kikapatikana kwa bei ambayo mwenye kipato kidogo aliimudu, na mwenyewe akaachiwa kujenga kwa nafasi yake, mtaa umedumu. Pale nyumba ilipotangulia, mji umelazimika kurudi nyuma kuifuata, kwa gharama kubwa na mara nyingine kwa kubomoa.

Kutoka Mzizima hadi kanda za Wajerumani

Kabla ya mji palikuwa na kijiji cha Mzizima, makazi ya Washomvi na Wazaramo waliovua, waliolima na waliofanya biashara ya pwani karibu na mlango wa bandari. Katika miaka ya 1860 Sultani Majid bin Said wa Zanzibar aliona kwamba hori lile lenye maji matulivu lilifaa kuwa makao yake mapya upande wa bara, karibu na njia za misafara na mbali kidogo na mabalozi wa kigeni na mahasimu wa ukoo wake waliomzunguka Unguja. Kasri lilijengwa likiitazama bandari, nyumba za mawe zikafuata, visima vikachimbwa, minazi ikapandwa, na wafanyabiashara wa Kiarabu na wa Kihindi wakavutwa kwa kupewa ardhi. Katika majengo ya wakati huo, Boma la Kale limesimama hadi leo. Majid alifariki mwaka 1870 kabla mji haujakamilika, na ndugu yake Barghash, aliyerithi kiti, hakuwa na hamu ya kuuendeleza, kwa hiyo majengo mengi yakaachwa yachakae.

Mji ulipata uhai mpya mwaka 1891, utawala wa Kijerumani ulipohamisha makao makuu ya koloni lake kutoka Bagamoyo. Mwaka huohuo ilitolewa kanuni ya ujenzi iliyoleta mbinu ambayo ingeutawala mji kwa miongo mingi, yaani kugawa ardhi kwa kanda, kila kanda ikiwekewa mpaka katika ramani na kuamriwa aina ya jengo linaloruhusiwa ndani yake. Karibu na bandari, upande wa mashariki wenye upepo wa bahari, ziliruhusiwa nyumba imara za mtindo wa Ulaya peke yake, huku vibanda vya fito, udongo na makuti vikisukumwa nje zaidi. Kanuni haikuhitaji kutaja rangi ya mtu ili imtenge, kwa kuwa ilitosha kuamuru vifaa vya ujenzi ambavyo Mwafrika wa kawaida hakuwa na fedha za kuvinunua. Ujenzi wa Reli ya Kati, ulioanza mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, uliongeza vibarua, makuli na wachuuzi mjini, na vibanda vyao vikaongezeka pembezoni mwa maduka ya Wahindi.

Mwaka 1914 utawala ulikuwa umeamua kuwahamishia Waafrika upande wa magharibi, katika ardhi iliyokuwa shamba la mlowezi wa Kijerumani, na ardhi hiyo ilianza kuchorwa kwa mitaa iliyonyooka na kukatana kama nyuzi za mkeka. Nia ilikuwa utengano, bali njia iliyotumika kuutekeleza ilikuwa kupima viwanja, na matokeo ya njia hiyo yaliishi kuliko nia yenyewe. Vita Vikuu vya Kwanza vilikatiza kazi hiyo, majeshi ya Uingereza yakauteka mji mwezi wa Septemba 1916, na eneo jipya likageuzwa kambi ya wapagazi wa jeshi, wale Waafrika wengi waliobebeshwa mizigo ya vita. Jina la Kiingereza la kikosi hicho cha wapagazi lilitamkwa na wenyeji kwa ulimi wao likawa Kariakoo, na kambi ilipovunjwa, mitaa iliyochorwa na Mjerumani ikajazwa chini ya utawala wa Mwingereza.

Uzunguni, Uhindini, Uswahilini

Waingereza walizihifadhi kanda za Wajerumani na kuzipa msingi mpya wa sheria katika miaka ya 1920. Kanda ya kwanza ilikuwa ya nyumba za kuishi za mtindo wa Ulaya, ya pili ya maduka na nyumba za biashara, na ya tatu ya nyumba za kienyeji. Wakazi, ambao hawakuhitaji kusoma kanuni ili kujua maana yake, waliziita Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kati ya Uhindini na Kariakoo ulibakishwa ukanda mpana usiojengwa, uitwao Mnazi Mmoja, uliotetewa kwa hoja ya afya: mbu anayeeneza malaria na maradhi mengine, kwa imani ya madaktari wa wakati ule, angezuiwa asivuke kutoka kwa Waafrika kwenda kwa wengine. Uzunguni nayo ilipanuka kuelekea kaskazini, ikavuka mlango wa mto Msimbazi hadi Oyster Bay, ambako nyumba zilisimama mbalimbali katikati ya bustani zilizoitazama bahari.

Nyumba iliyojengwa katika viwanja vya Kariakoo inastahili kuelezwa kwa kina, kwa sababu ndiyo iliyoujenga mji kuliko jengo lingine lolote. Nyumba ya Kiswahili ya mjini ilikuwa na ukumbi mrefu uliopita katikati kutoka mlango wa mbele hadi mlango wa nyuma, vyumba vitatu kila upande wa ukumbi huo, baraza mbele ya mtaa, na ua nyuma uliokuwa na jiko, choo, mahali pa kufulia na aghalabu vyumba vya ziada. Kuta zake zilikuwa za fito na udongo, na paa la makuti au la madebe ya mafuta ya taa yaliyopasuliwa na kunyooshwa, mpaka mabati yalipoenea. Mwenye nyumba aliishi katika chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyobaki, na wanawake wengi waliokosa ajira rasmi walipata kwa njia hiyo mali na kipato cha uzeeni. Mgeni aliyefika kutoka bara hakuhitaji kujenga wala kungoja serikali imjengee, kwa sababu alipata chumba, akashiriki ua na wapangaji wenzake, na siku alipopata uwezo akatafuta kiwanja chake. Kwa mpangilio huo mtaa wa nyumba za chini uliweza kubeba watu wengi bila ghorofa hata moja, huku kila chumba kikipata hewa na kila familia ikipata mahali pa kupikia.

Utawala haukuiona nyumba hiyo kwa jicho hilo. Katika kumbukumbu za kikoloni Uswahilini ilitajwa kama mahali pa msongamano, maradhi na wahuni, neno lililotumiwa kwa kijana yeyote asiye na kazi inayotambulika, na kwa vipindi mbalimbali watu wa namna hiyo walikamatwa na kurudishwa makwao. Nadharia ya utawala ilikuwa kwamba Mwafrika ni mgeni mjini na kwao ni kijijini, na aliyeamini hivyo hakuona sababu ya kupima viwanja kwa wingi uliohitajika.

Mpango wa 1949 na lugha ya msongamano

Vita Vikuu vya Pili viliongeza watu mjini haraka. Sensa ya mwaka 1948 ilihesabu wakazi 69,000 hivi, na ile ya 1957 ikahesabu 128,742, maana yake mji ulikaribia kuongezeka maradufu katika miaka tisa. Ni katika hali hiyo ndipo kampuni ya Uingereza ya Sir Alexander Gibb ilipotoa mpango mkuu wa kwanza mwaka 1949. Majina ya mbari yaliondolewa katika ramani, na mahali pake yakawekwa maneno ya kitaalamu ya msongamano, yaani idadi ya nyumba au watu katika eneo la ukubwa fulani: msongamano mdogo, wa kati na mkubwa. Yeyote aliyeujua mji aliweza kuyasoma maneno hayo bila kamusi. Msongamano mdogo ulikuwa Oyster Bay na Msasani, wa kati ulikuwa Upanga na Chang'ombe, na mkubwa ulikuwa Ilala, Magomeni na Temeke. Wizara na halmashauri ziliendelea kuyatumia maneno hayo baada ya uhuru, na katika ofisi za ardhi hadi leo mwombaji huulizwa anataka kiwanja cha msongamano gani.

Haitakuwa haki, hata hivyo, kuuhukumu mpango huo kwa utengano wake tu. Wachoraji wake waligawa makazi kuwa vitongoji vyenye shule, soko na huduma za karibu, na wakatenga kati ya vitongoji hivyo mikanda ya kijani iliyofuata mabonde, ambayo waliikusudia iwe njia za upepo wa bahari, ili hewa ya baharini ipenye hadi mitaa ya ndani na maji ya mvua yapate mahali pa kupita. Wazo kwamba mji wa joto unapoozwa kwa umbo la ardhi yake, ambalo sasa limerudi katika mijadala ya mabadiliko ya tabianchi, lilikuwa tayari limechorwa Dar es Salaam miongo kadhaa iliyopita. Kilichokosekana ni ulinzi, kwa sababu mkanda wa wazi hauna mwenyewe wa kuutetea pale wahitaji wa ardhi wanapozidi idadi ya viwanja vilivyopimwa.

Hatima ya Mnazi Mmoja inaonyesha jinsi ardhi iliyoachwa wazi inavyoweza kugeuka maana yake. Ukanda uliokusudiwa kuwatenga Waafrika na wengine ulikuwa pia mahali pekee pa wazi palipo hatua chache kutoka milango ya Kariakoo. Chama cha TANU, kilichoundwa tarehe 7 Julai 1954 katika nyumba ya mtaa unaopakana nao, kilihutubia umati mahali palepale, na baada ya uhuru pakawa bustani na uwanja wa taifa wa kumbukumbu. Ardhi hiyo ilidumu kwa sababu ilipata watu walioihesabu kuwa yao.

Uhuru, ubomoaji na funzo la Sinza

Serikali huru ilirithi sheria ya ardhi ya mwaka 1923, iliyoifanya ardhi yote kuwa mali ya umma chini ya usimamizi wa dola, na mwaka 1963 ikafuta umiliki wa kudumu wa mtu binafsi na kuugeuza kuwa upangaji wa muda kutoka kwa serikali. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1962, lilikabidhiwa kazi ya kuondoa vibanda na kujenga nyumba za saruji mahali pake. Nia ilikuwa njema na picha yake ilikuwa ya heshima, kwani taifa jipya halikutaka raia wake waendelee kukaa katika udongo na madebe, lakini hesabu ilikataa: sehemu kubwa ya nyumba zilizojengwa ilichukua tu nafasi ya zile zilizobomolewa, gharama ya kila moja ilizidi uwezo wa waliokusudiwa, na foleni ya wasio na makazi haikupungua. Mpango mkuu wa pili, uliotayarishwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto na kutolewa mwaka 1968, ulikuta mji wenye watu 272,821 kwa sensa ya mwaka uliotangulia, na nao ulitegemea kwa sehemu kubwa ubomoaji huohuo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 sera iligeuka. Badala ya kujenga nyumba, serikali iliamua kupima viwanja, kuvifikishia barabara, maji na mifereji, na kumwachia mwananchi kujenga mwenyewe hatua kwa hatua kwa msaada wa mkopo mdogo wa Benki ya Nyumba. Njia hii iliitwa mradi wa viwanja na huduma. Sambamba nayo, mitaa iliyokwisha kujengwa bila kupimwa ilitambuliwa isibomolewe, bali iboreshwe kwa kupitishiwa barabara, maji na taa. Kwa mkopo wa Benki ya Dunia ulioanza mwaka 1974, viwanja vipya vilipimwa Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na uboreshaji ukafanyika Manzese na Mtoni.

Kwa mwanahistoria, mitaa hiyo miwili ya aina mbili, Sinza na Manzese, ni kama jaribio lililofanywa waziwazi, kwa kuwa ipo jirani na ilihudumiwa na mradi mmoja katika muongo mmoja. Manzese ilipata barabara na maji baada ya nyumba kusimama, kwa hiyo barabara zilipita palipopitika, na nyuma ya safu za mbele vichochoro vilibaki vyembamba, visivyopitisha gari la kuzoa taka wala la zimamoto. Sinza ilipata njia zake kabla ya nyumba. Ni kweli kwamba viwanja vingi vya Sinza viliishia mikononi mwa watumishi na wafanyabiashara wa kipato cha kati waliojua njia za ofisini, na kasoro hiyo ilipunguza haki ya mradi. Lakini mifereji na barabara ambazo wenye nyumba wa kwanza hawakuwa na uwezo wa kuzikamilisha zilikuwa na nafasi yake katika ramani, na zilipokuja miongo baadaye, hakuna aliyelazimika kuvunjiwa.

Kwa nini mpimaji alichelewa

Kama njia ya viwanja ilifaa, swali linalobaki ni kwa nini haikuendelea. Sehemu ya jibu imo katika fedha na taasisi. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa katika mageuzi yaliyoitwa Madaraka Mikoani, na mji ukabaki bila halmashauri yake mpaka ziliporudishwa kwa hatua kuanzia mwaka 1978. Vita vya Kagera, kupanda kwa bei ya mafuta na kudorora kwa uchumi vilifuata, mkopo wa nje ukaisha, na katika miaka ya 1980 idadi ya viwanja vilivyopimwa ikawa tone katika bahari ya maombi. Mpango mkuu wa tatu, kazi ya kampuni nyingine ya Canada iitwayo Marshall Macklin Monaghan, ulitolewa mwaka 1979, wakati ambapo hazina haikuwa na cha kuutekelezea.

Sehemu nyingine ya jibu, ambayo ina uzito zaidi, imo katika thamani ya ardhi yenyewe. Kwa falsafa ya wakati ule ardhi tupu haikuwa na bei, kwa kuwa ni mali ya umma. Mkulima wa pembezoni mwa mji, Mzaramo mwenye shamba la minazi, mikorosho na mihogo, alipofikiwa na mpimaji wa serikali alilipwa fidia ya mazao na jengo, wala hakulipwa chochote kwa udongo. Jirani yake aliyewahi kumega shamba na kuliuza vipande kwa watafutaji wa makazi alipata fedha taslimu kwa kila kipande. Kwa utaratibu huo kila mwenye shamba aliyesikia kwamba upimaji unakuja alikuwa na sababu ya kuuza kabla haujafika, na sheria iliyokusudiwa kuilinda ardhi isifanywe bidhaa ikawa ndiyo iliyoharakisha kuuzwa kwake. Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995 na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 zilikubali hatimaye kwamba ardhi ina thamani na kwamba fidia iizingatie, lakini kufikia wakati huo mashamba mengi yalikuwa yamekwisha kuwa mitaa.

Mauzo hayo hayakukosa utaratibu wake. Mnunuzi na muuzaji walikutana mbele ya mjumbe wa nyumba kumi, kiongozi wa ngazi ya chini kabisa katika mfumo wa chama uliowekwa miaka ya 1960, majirani wa pande zote wakaitwa kuonyesha mipaka, urefu ukapimwa kwa hatua za miguu, miti ikatajwa, na karatasi ikasainiwa na mashahidi. Baada ya kuanza kwa mfumo wa vyama vingi kazi hiyo ilihamia kwa kiasi kikubwa ofisi za serikali za mitaa, na desturi ya kulipia asilimia 10 ya bei ikaenea. Kwa maana hiyo neno makazi holela, linalotumika sana kwa mitaa ya namna hii, linapotosha nusu ya ukweli, kwa kuwa mipaka ya kila kipande ilijulikana na iliheshimiwa. Kilichokosekana ni mtu wa kusimamia yale ambayo mnunuzi na muuzaji hawakuwa na sababu ya kuyatenga, yaani barabara, mfereji, uwanja wa shule na bonde la mto.

Mji endelevu na mto Msimbazi

Kufikia sensa ya 1988 mkoa ulikuwa na watu 1,360,850, na huduma zilikuwa zimezidiwa kiasi kwamba sehemu ndogo sana ya taka ndiyo iliyozolewa. Wakazi wa Tabata walikuwa wamekwenda Mahakama Kuu kupinga dampo lililowafukizia moshi, na wakashinda, hukumu ambayo iliipa haki ya mazingira safi uzito wa kisheria na kuuacha mji ukitafuta mahali pengine pa kutupa. Mwaka 1992 Dar es Salaam ikawa miongoni mwa miji ya kwanza kuingia katika mpango wa Umoja wa Mataifa wa miji endelevu, yaani miji inayokidhi mahitaji ya wakazi wa leo bila kuharibu ardhi, maji na hewa vitakavyohitajiwa na vizazi vijavyo. Jambo jipya katika mpango huo lilikuwa namna ya kupanga: badala ya ramani moja ya miaka 20, viliundwa vikundi kazi vilivyowakutanisha maofisa, wafanyabiashara, wataalamu na wakazi kuhusu taka, makazi, biashara ndogondogo, kilimo cha mjini, maji machafu na ufukwe.

Matunda yake yalionekana zaidi palipokuwa na watu wa kuyashika. Hanna Nassif, mtaa wa Kinondoni uliojengwa kwenye mteremko wa bonde la Msimbazi, ulipata mifereji na njia kwa kazi iliyofanywa na wakazi wenyewe kwa ujira, chini ya kamati waliyoichagua, na ndiyo kamati iliyosimamia matunzo baadaye. Katika ngazi ya mji mzima mafanikio yalikuwa haba, kwa sababu mkakati wa jumla ulioandaliwa haukupata nguvu ya sheria, na halmashauri ya jiji yenyewe ilivunjwa mwaka 1996 na kuwekwa chini ya tume. Serikali ilirejea kwenye viwanja mwaka 2002 kwa mradi wa kupima viwanja 20,000 katika maeneo kama Bunju, Mbweni, Kibada na Buyuni, ambao ulijilipia kwa mauzo, bali kwa bei na umbali uliowaacha nje wengi wa wale waliokuwa wakinunua kwa mjumbe.

Bonde la Msimbazi ndilo linalokusanya deni la historia yote hii. Mto huo unatoka katika vilima vya Pugu, unapita katikati ya mitaa yenye watu wengi na kuingia baharini karibu na daraja la Salenda, na mpango wa 1979 ulilitaja bonde lake kuwa ardhi ya hatari isiyofaa kujengwa. Katazo halikuambatana na kiwanja mbadala kilicho karibu na kazi, kwa hiyo watu walijenga, na mvua za Desemba 2011 ziliua zaidi ya watu 40 na kuwaacha maelfu bila makazi. Baadhi ya waathirika walipewa viwanja Mabwepande, mbali na katikati ya jiji, na si wote waliokaa huko, kwani nauli ya kila siku ilikula kipato kilichotegemea mji. Hata serikali haikujiepusha na kosa lilelile, kwa kuwa karakana ya mabasi yaendayo haraka, mradi uliozinduliwa mwaka 2016 na ambao wananchi huuita mwendokasi, ilijengwa Jangwani, ndani ya bonde, na imefurika mara kwa mara. Mradi wa sasa wa kuliendeleza bonde hilo unakusudia kuurudishia mto nafasi yake na kuigeuza sehemu ya uwanda wake kuwa bustani, jambo ambalo wachoraji wa mwaka 1949 wangelitambua mara moja, isipokuwa kwamba safari hii nafasi hiyo inanunuliwa nyumba kwa nyumba.

Sensa ya 2022 imehesabu watu 5,383,728 katika mkoa huo, na mpango mkuu wa nne, wa kipindi cha 2016 hadi 2036, umechora vituo vipya, njia za usafiri wa umma na mikanda ya kijani. Thamani yake haitapimwa kwa uzuri wa ramani. Katika mitaa ya Kariakoo nyumba ya udongo na makuti ilibomolewa ikajengwa ya matofali na mabati, nayo ya matofali ikabomolewa ikajengwa ghorofa, na kwa kila zamu wenye nyumba walibadilika, biashara zikabadilika, ua wa nyuma ukamezwa na zege, na mabomba yaliyolazwa kwa ajili ya nyumba za vyumba sita yakazidiwa. Mistari ya mitaa yenyewe, iliyochorwa mwaka 1914 na watawala waliokusudia kumweka Mwafrika mbali, haikulazimika kusogezwa, na magari ya mizigo, mikokoteni na umati wa wanunuzi bado hupita humo kila asubuhi. Wakati huohuo, katika vilima vya pembezoni mwa jiji, mashamba ya mihogo na mikorosho yanaendelea kumegwa kwa hatua za miguu mbele ya mashahidi, na kila kipande kinachouzwa kinaamua, kwa karne moja ijayo, mahali ambapo barabara haitapita.